MWENYE MIZANI ASIWE KADHI

Twauliza: karafuu ya Unguja na Pemba ni mali ya nani? Mwaka 1937 Mwingereza aliipa Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu haki ya pekee ya kununua karafuu za kupeleka ng'ambo. Bara Hindi wakazisusia. Mwaka 1938 amri ikalegezwa. Shirika la Biashara la Taifa, lililoundwa 1968, likairithi: aliyeuza kwingine akaitwa mfanya magendo, na gunia lake likatwaliwa.

Hatuyatetei magendo. Lakini anunuaye, apangaye bei na akamataye wakiwa mmoja, mkulima amshitakie nani? Sisi wenye maduka, ratili zetu hukaguliwa na mwingine. Basi bei na ipangwe pamoja na wakulima, wala gunia lisitwaliwe ila kwa hukumu ya korti.