Pa Kuhamia Hapana Tena

Sensa ya mwaka 2012, mwaka uleule ulioanzishwa Mkoa wa Geita, ilihesabu humo watu 1,739,530, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 2,977,608. Ziada ya watu zaidi ya milioni moja na laki mbili katika miaka kumi. Wako wasemao kwamba hiyo ni baraka ya dhahabu, na wako wasemao kwamba watu hawawi wengi kamwe maadamu mwenye kugawa riziki ni Mungu. Rai yangu ni nyingine: kwamba katika Usukuma dhiki ya wingi tumezoea siku zote kuitibu kwa kuhama, na pa kuhamia sasa hapana.

Zamani za Waingereza vichaka vya Shinyanga vilifyekwa kwa makusudi ili kumfukuza mbung'o, na ardhi iliyopatikana ikajaa ng'ombe na pamba hata ikachoka. Ndipo mwaka 1947 serikali ileile ikaleta mpango wa maendeleo ya Usukuma, ambao miongoni mwa shabaha zake ilikuwa kupunguza mifugo na kuwapeleka watu Geita, kulikokuwa bado na msitu na nafasi. Huko nako miti ikaangushwa, na baada ya kizazi kimoja wana wa wahamiaji wakaswaga ng'ombe wao kuelekea Rukwa, Kilombero na Usangu, hata mwaka 2006 wafugaji wa bonde la Ihefu, huko Usangu, wengi wao Wasukuma, wakaondolewa kwa nguvu kwa hoja kwamba mto Ruaha Mkuu unakauka.

Kisha dhahabu imewarudisha watu Geita kwa halaiki. Aliyefika kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, mathalani Nyarugusu au Rwamagasa, ameyaona matimba: magogo yanayopangwa kuzunguka kuta za duara, yaani shimo la kuchimbia, moja juu ya jingine, toka mdomoni hadi kilindini, ili udongo usiwafukie waliomo, nayo yakioza huletwa mengine mabichi, basi msitu unazikwa kidogo kidogo, gogo kwa gogo. Juu ya shimo karasha husaga mawe, mchanga hupitishwa kwenye mwalo, zebaki hukandwa kwa mikono mitupu, hukamuliwa kwa kitambaa, kisha huchomwa juu ya mkaa, na moshi wake huvutwa na mama pamoja na mtoto aliyembeba mgongoni.

Hata hivyo sikubaliani na wanaolaumu idadi peke yake, kwa kuwa Shinyanga yenyewe inawakanusha. Vijiji vya ujamaa vya miaka ya sabini vilikuwa vimewatenga watu na ngitili zao, yaani sehemu za malisho zinazofungwa wakati wa masika ili nyasi na miti vipumzike hadi kiangazi. Lakini tangu mwaka 1986, ulipoanza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, wenyeji walizifufua kwa desturi yao na kwa sheria ndogo za vijiji, na maelfu kwa maelfu ya hekta yakaota miti tena, ilhali watu wakizidi kuongezeka. Taksiri, basi, ilikuwa katika milki na usimamizi kabla ya kuwa katika vichwa. Lakini ngitili moja ikigawanywa kwa wana wanane, na kila mwana akawa na wanane wake, hakuna desturi itakayoiokoa. Hilo nalo ni dhahiri, ajapochukia nani.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu hati za hakimiliki ya kimila kutolewa kwa mtu, kwa familia au kwa kikundi. Halmashauri za vijiji na zizitoe kwa ngitili nzima, kabla hazijakatwa vipande. Na kuhusu mabinti, ambao wakiolewa mapema huanza kuzaa mapema, Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zimekwisha hukumu kwamba vifungu vya sheria vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 ni kinyume cha Katiba. Mzazi aliyekwisha pokea ng'ombe wa mahari ya binti wa miaka 15, awarudishe, na binti arudi shule.