Kaswida njema huanza na mtu mmoja



Mfunguo Sita unakaribia, na kama ilivyo ada yetu, madrasa zimekwishaanza kuwaandaa vijana. Wiki iliyopita tulipokea barua ya ustadhi mmoja mwenye wanafunzi wa kike wapatao 15. Anasema mabinti zake wamejaaliwa sauti, lakini kila mwaka huimba kaswida za wengine. Akiwataka watunge yao, humjibu kwamba hawana kipaji na kwamba maneno hayajawashukia. Anatuuliza: je, utunzi hufundishika?

Jawabu letu ni kwamba hufundishika. Kipaji ni neema ya Mola, humpa amtakaye. Lakini kushukiwa ni jambo la Mitume; sisi wengine tumeamrishwa kujitahidi. Anayeketi kungoja maneno yamjie huenda akangoja hadi maulidi yakapita.

Tumtazame Mwana Kupona binti Msham. Mwaka 1858 alikuwa mgonjwa, naye ana binti, Mwana Hashima, ambaye bado alihitaji malezi. Hakuketi akitafuta mada kubwa ya kuushangaza ulimwengu. Alimwita mwanawe asogee karibu na wino na karatasi, akamwusia. Utenzi uliokusudiwa binti mmoja umesomwa na vizazi vya mabinti hata leo. Shaaban Robert naye alipita njia hiyo hiyo: Utenzi wa Hati aliuandika kwa ajili ya binti yake, na Utenzi wa Adili kwa ajili ya mwanawe wa kiume. Hapo ndipo ulipo ufunguo wa utunzi: mwenye mtu wa kumwambia neno hakosi la kusema.

Kwa hiyo la kwanza tunalomshauri ustadhi ni hili. Kabla ya kalamu kugusa karatasi, kila binti amtaje mtu mmoja anayemwimbia: mama yake, mdogo wake, rafiki aliyeacha chuo, bibi aliyemfundisha alifu. Asiseme "jamii" wala "umma". Umma hauna uso, na asiye na uso ni vigumu kumwimbia.

La pili, atafute jambo moja la kweli alilolishuhudia. Vijana wengi wakiambiwa wamsifu mama huandika kuwa mama ni nguzo, mama ni taa, mama ni ua la waridi. Maneno hayo si mabaya, ila yamechoka. Kila mama amekwishavikwa. Binti aulizwe: leo asubuhi ulipoamka, mama alikuwa akifanya nini? Akijibu kwamba alikuwa jikoni akipika vitumbua vya kuuza apate ada, kaswida imekwishapatikana:

Jua halijachomoza,
Mama moto akoleza,
Vitumbua ageuza,
Ili nipate kusoma.

Hali kadhalika katika kumsifu Mtume (S.A.W.). Badala ya kurundika nuru, mwezi na jua katika ubeti mmoja, achague kitendo kimoja kilichothibiti katika sira. Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kwamba Mtume alikuwa akishona viatu vyake mwenyewe nyumbani. Mtoto ambaye baba yake ni fundi viatu akiimba hilo, ataliimba kwa moyo wote.

La tatu ni mizani na vina. Kwa anayeanza, utenzi ndio mlango mwepesi. Kila ubeti una mistari 4, na kila mstari una mizani 8. Mistari 3 ya mwanzo hufanana vina, na kina cha mstari wa nne hakibadiliki tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Mizani zihesabiwe kwa vidole, bila kuona haya. Neno "Mtume" lina mizani 3, m-tu-me; bali "mbingu" lina 2 tu, mbi-ngu. Binti akiandika "Mama anakoleza moto" atapata 9. Asikate tamaa wala asichomeke neno lisilo na maana. Apange upya na kufupisha: "Mama moto akoleza", nazo ni 8 kamili. Na kwa kuwa kina cha mwisho kitamfuata hadi tamati, aandike kwanza pembeni maneno yanayokubaliana nacho: soma, hekima, huruma, heshima, rehema. Akiona hayafiki kumi, abadili kina mapema.

La nne ni zito kuliko yote, nasi tunalisema kwa uchungu, maana tuliwahi kuteleza. Miaka kadhaa iliyopita tuliwatungia kaswida watoto wa mtaani kwetu. Ubeti mmoja ulitushinda kwa kina. Tukakumbuka kisa kimoja kuhusu Mtume (S.A.W.) tulichowahi kukisikia barazani. Kiliingia barabara katika vina, nasi tukakitia bila kumwuliza yeyote. Watoto waliimba, watu wakalia. Baada ya hafla mzee mmoja alitushika mkono, akatuvuta kando na kuuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, kisa hiki umekitoa wapi?"

Hatukuwa na jibu. Tulikwenda kwa shekhe wetu, akapekua vitabu vyake asikione. Tuliandika ubeti mwingine na kuwafundisha watoto upya. Lakini hata leo, tukipita uchochoroni jioni, husikia mtoto anauimba ule wa zamani. Ubao hufutika, kifua cha mtoto hakifutiki. Nani asiyejua onyo kali la Mtume kwa anayemzulia uongo? Hatukukusudia kuzua, tulivutwa na kina. Basi kila ubeti unaotaja aya, hadithi au sira upelekwe kwanza kwa mwenye elimu. Akiukataa, ufutwe, hata ukiwa ndio mtamu kuliko yote.

La tano ni sauti. Tunawasihi vijana wasichukue mahadhi ya nyimbo za mapenzi zinazovuma redioni. Msikilizaji anayezijua ataisikia kaswida kwa sikio moja, na kwa jingine ataukumbuka wimbo wa asili. Binti aimbe mistari yake akifagia au akiteka maji. Pale pumzi inapokatika kabla ya neno kwisha, mstari una kasoro. Kiitikio kiwe kifupi, kisha kibebe lile neno kuu, kwani hicho ndicho watakachokwenda nacho watoto nyumbani.

Mwisho, kaswida ikiisha ilazwe siku tatu, kisha isomwe upya. Ubeti unaoweza kuondolewa pasipo kitu kupungua, uondolewe. Kaswida ya beti 7 zenye uhai inatosha. Beti 20 huwachosha waimbaji na wasikilizaji pia.

Tunamwomba ustadhi aanze wiki hii, wala asianze na mizani. Darasa la kwanza liwe la swali moja tu: unamwimbia nani? Kila binti amjibu sikioni kama anaona haya. Na yule atakayemtaja aliyetangulia mbele ya haki, asimharakishe. Amwache akae na kalamu yake. Pengine kaswida ya mwaka huu itatoka kwake.

Wabillahi tawfiq.