Alamisho Si Kitabu



Mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi hulidhania kuwa dogo, nalo ni alamisho tunazoziweka katika simu na kompyuta zetu. Msomaji wa kitabu huweka uzi au kipande cha karatasi pale alipokomea. Vivyo hivyo kivinjari, yaani programu ile tunayofungulia kurasa za intaneti, aghalabu kimewekewa alama ya nyota. Ukiigusa, anwani ya ukurasa ulio mbele yako huandikwa katika orodha, upate kuurudia bila ya kuutafuta upya.

Lakini yapo mambo mawili yasiyofanana hapa. Uzi umo ndani ya kitabu, na kitabu kimo nyumbani mwako. Alamisho ni anwani tu. Ukurasa wenyewe umo katika kompyuta ya mtu mwingine, naye aweza kuubadili au kuuondoa bila ya kukuarifu. Mwaka 2024 taasisi ya utafiti ya Pew ya Marekani ilieleza kwamba katika kurasa za intaneti zilizokuwako mwaka 2013, asilimia 38 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye.

Jambo hili si geni kwa wenye kupenda elimu. Mnamo mwaka 377 wa Hijria, sawa na 987 Miladia, Ibn al-Nadim, aliyekuwa muuza vitabu wa Baghdad, alitunga kitabu chake kiitwacho Al-Fihrist, akaorodhesha humo vitabu vilivyojulikana zama zake katika lugha ya Kiarabu, akaipanga orodha hiyo katika milango kumi. Leo vingi katika vitabu hivyo vimekwisha kupotea, na twavijua kwa majina tu. Orodha imebaki, vitabu havipo. Basi tuna mafunzo mawili hapo: kwamba elimu haina budi kupangwa, na kwamba kuwa na orodha si kuwa na kitu chenyewe.

Tuyatazame haya kwa mifano ya kwetu. Mkulima wa mahindi wa Handeni huishi kwa kutazamia mbingu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa mvua za vuli, za Oktoba mpaka Desemba, na wa masika, za Machi mpaka Mei. Tuseme mkulima huyo aliufungua utabiri wa vuli ya mwaka jana, akauwekea alamisho. Mwaka huu anaigusa alamisho ile ile, na maandishi yanafunguka vizuri; kumbe ni ya mwaka jana! Asipotazama tarehe, atapanda kwa habari iliyokwisha muda wake. Alamisho haikumwongopea. Imempeleka palepale alipoiagiza.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: jambo linalobadilika, weka alamisho ya mlango wake, yaani ukurasa wa mbele wa idara inayohusika, kisha uingie ndani kutafuta habari mpya. Na jambo lisilobadilika unalolihitaji, kama fomu uliyokwisha kuijaza, risiti ya malipo, au matokeo ya mtihani, usitosheke na alamisho. Hifadhi nakala yake katika simu, na ukiweza, ichapishe uiweke pamoja na vyeti vya nyumbani.

Sasa tutoke Handeni twende Korogwe. Tuchukue nyumba moja yenye simu moja ya intaneti, nayo hutumiwa na watu watano. Mama ameweka alamisho za mapishi, baba za bei ya mazao, na watoto za masomo na michezo. Zote zimerundikwa mahali pamoja, na nyingi zina majina marefu yaliyotoka katika kurasa zenyewe, wala hayamwelezi mtu kitu. Siku binti wa nyumba anapotaka kuomba mkopo wa chuo, anwani ya Bodi ya Mikopo haonekani ilipo, na siku ya mwisho ya kupokea maombi i karibu. Hapo huanza kutafuta kwa haraka, na mwenye haraka aweza kuangukia ukurasa wa tapeli aliyejipachika jina la Bodi.

Dawa ya hayo si ngumu. Anwani za idara za Serikali ya Tanzania huishia kwa herufi go.tz. Itazame vema anwani hadi mwisho wa jina lake siku ambayo huna haraka, hakikisha, kisha iwekee alamisho. Tangu siku hiyo ingia kwa mlango huo tu. Fanya hivyo kwa Bodi ya Mikopo, kwa Baraza la Mitihani, na kwa kila mahali mtakapotoa fedha au siri za nyumba.

Kisha zipangeni alamisho katika folda chache. Tano au sita zatosha. Ziiteni kwa majina ya shughuli zenu: Shule, Shamba, Afya, Dini, Serikali. Kila alamisho ipewe jina fupi ambalo hata mgeni wa simu hiyo atalifahamu, kama “Mkopo wa chuo” au “Matokeo ya Kidato cha Nne”. Iwepo na folda moja ya mambo yanayongoja, na kila liingiapo humo liandikiwe tarehe yake ya mwisho. Mara moja kwa mwezi, mmoja wenu aketi aifungue kila alamisho: iliyokufa aifute, na iliyohama aitafutie anwani mpya. Lakini mtu asifute ya mwenziwe bila ya kumwuliza, kwani hiyo ni katika adabu ya kushirikiana.

Simu nayo hupotea au huvunjika. Vivinjari vingi huweza kuhifadhi alamisho katika akaunti ya mwenyewe, zikarudi atakapopata simu nyingine. Katika kompyuta waweza pia kuzitoa zote zikawa faili moja, ukaliweka mahali pengine. Na kwa vijana wanaojazia maombi yao katika maduka ya steshenari, twawausia wasiache akaunti zao wazi katika kompyuta ya duka, kwani ajaye nyuma atakuta alamisho na mambo yao mengine. Anwani tatu au nne zilizoandikwa kwa kalamu katika daftari zitawatosha kwa safari hiyo.

Huenda mtu akasema kwamba haya ni mambo ya ofisini, si ya nyumbani. Sivyo. Mahindi ya mwaka mzima na masomo ya binti vimo humo. Mali ya nyumba hupangwa ili ipatikane siku ya haja, na habari siku hizi ni mali. Basi jioni moja kaeni pamoja, wakubwa na wadogo, mwanze na folda moja tu, ile ya Serikali.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuitafuta elimu yenye manufaa na kuitunza. Amin.