Karavani Mpya Nazo Huvuja

Wauzaji wa karavani huko Uingereza, vile vyumba vya magurudumu vinavyokokotwa na gari, hudai kuwa za kisasa hazivuji kwa sababu nyingi zimeacha fremu ya mbao. Mimi nakataa. Ukiondoa mbao umepunguza kuoza, hujazuia maji. Maji hupenya penye maungio: pembeni mwa dirisha, chini ya reli ya paa, kwenye tundu la skrubu, ambako gundi ya kuzibia hukauka na kupasuka kwa mtikisiko wa barabara. Tena someni dhamana zao, ndugu zangu! Usipoipeleka kila mwaka kupimwa unyevu, dhamana ya kuvuja imekufa. Kama haivuji, wanapima nini? Kipimo kikizidi asilimia 20, ukuta umeshaanza kunywa maji, na mnunuzi bado anasifia rangi.