Vitabu alivyoacha Mwalimu: vipi vibaki, vipi viondoke?

Msomaji mpenzi, zipo kazi za nyumbani ambazo mtu huzifanya huku akipiga mluzi, na zipo nyingine ambazo huziahirisha mwaka baada ya mwaka. Kupunguza vitabu ni miongoni mwa hizo za pili. Sufuria iliyotoboka huitupa bila kufikiri, na shati lililochakaa hugeuka tambara la kupangusia sakafu. Lakini kitabu, hata kama kimeliwa na mende na hakijafunguliwa kwa miaka ishirini, mkono hukishika, ukakigeuza, kisha ukakirudisha pale pale.

Jambo hili lilitupata sisi wenyewe hapa Machakos. Baba yetu, aliyefariki mwaka 2022, alifundisha katika shule za msingi tangu mwaka 1974 hadi alipostaafu. Majirani hawakumwita kwa jina. Alikuwa Mwalimu tu, na hata mama alimwita hivyo. Majuzi mama aliamua kuiacha nyumba ya kupanga hapa mjini na kurudi shambani, upande wa Kathiani, ambako ana nyumba ndogo ya vyumba viwili. Pikapu ya kuhamisha vyombo ilikuwa ije Jumamosi. Siku ya Alhamisi tuliingia chumba cha nyuma, tukakuta katoni kumi na moja na sanduku la bati, vyote vimejaa vitabu.

Kaka yangu mkubwa hakusitasita. "Tuviuze kwa kilo," alisema. "Huko shambani mchwa watavimaliza kabla ya mvua ya pili. Na mwaitu atalala wapi, juu ya katoni?"

Mimi nilipandwa na hasira, nikamwambia maneno ambayo sitayarudia hapa. Mama alikuwa jikoni akitengeneza muthokoi, akajifanya hasikii.

Hebu nikiri jambo moja. Hasira yangu ilitokana na kosa langu mwenyewe. Mwaka 2019 nilipohama nyumba, nilijaza magunia mawili ya vitabu vyangu vya shule na chuo, nikampa mnunuzi wa karatasi. Sikufungua hata kimoja. Wiki mbili baadaye nilikumbuka kwamba ndani ya gunia moja mlikuwa na kamusi ambayo baba alinipa nilipopita mtihani wa darasa la nane, akaniandikia maneno machache kwenye ukurasa wa kwanza. Pesa nilizopata zilitosha nauli ya matatu kwenda Nairobi na kurudi. Tangu siku hiyo, kila ninaponunua njugu stendi, huisoma karatasi iliyofungia kabla ya kuitupa.

Hata hivyo, kaka hakuwa mjinga. Nyumba ya vyumba viwili haiwezi kumeza katoni kumi na moja. Na vitabu vilivyorundikwa kwenye sakafu ya udongo huko Ukambani ni karamu ya mchwa. Kumwachia mama mzigo huo kungekuwa ni kuukimbia uamuzi na kumtwika mjane.

Basi tulikubaliana kwamba hakuna kitabu kitakachoondoka kabla ya kufunguliwa. Tulitandika mkeka uani, chini ya mwembe, tukaanza.

Fungu la kwanza halikutupa taabu. Lilikuwa la vitabu vya kiada vya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985. Wazazi wenye watoto wanajua yaliyofuata. Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na watoto wanaosoma kwa mtaala mpya wana vitabu vyao. Mwalimu alikuwa na nakala nne nne za vitabu vya hisabati vya darasa la sita. Hesabu haizeeki, ni kweli, kumi gawanya kwa mbili ni tano hata leo, na ndiyo maana tulibakiza nakala moja ya kila darasa kwa mazoezi ya wajukuu. Zilizobaki hazikuwa na kazi.

Fungu la pili lilikuwa la vitabu ambavyo havikuwa mali yetu. Ndiyo, msomaji, usicheke, maana huenda hata kwako vimo. Vilikuwa na mihuri ya shule tatu ambako Mwalimu alifundisha. Vingine alibaki navyo shule zilipofungwa, akasahau. Tangu mwaka 2018 serikali hupeleka vitabu moja kwa moja shuleni, na kila nakala ni mali ya shule hata kama mtoto wako amekaa nayo mwaka mzima. Kitabu chenye muhuri hakiuzwi wala hakitolewi zawadi. Kinarudishwa.

Fungu la tatu ndilo lililotuchelewesha. Hivi ni vitabu vilivyokuwa vikisema kweli wakati wake, lakini ulimwengu ukavipita. Atlasi ilituonyesha nchi ya Zaire, jina lililoondoka mwaka 1997. Sudan ilikuwa bado nchi moja, ilhali Sudan Kusini ilipata uhuru mwaka 2011. Machakos ilikuwa wilaya katika Mkoa wa Mashariki, kabla ya kaunti 47 kuanza kazi mwaka 2013. Kitabu cha sayansi kilihesabu sayari tisa, Pluto ikiwemo, na wanajimu waliiondoa katika orodha hiyo mwaka 2006.

Je, vitabu vya namna hii vitupwe? Tulibishana, kisha tukaona tofauti. Atlasi ya zamani ni historia. Mjukuu akiuliza Zaire ilikuwa wapi, tutamwonyesha. Tuliiweka. Lakini kulikuwa na vijitabu vya afya vya miaka ya 80 na 90, na humo ukimwi umeelezwa kama hukumu ya kifo isiyo na rufani. Leo dawa za kupunguza makali ya virusi humwezesha mtu kuishi miaka mingi na kulea wanawe. Kijana akikisoma kijitabu kile leo na kukiamini, anaweza kukata tamaa ya kwenda hospitali. Kitabu cha namna hiyo hakifai kupewa mtu mwingine, hata kwa nia njema. Vivyo hivyo vitabu vya sheria na vya dawa za mifugo vilivyopitwa na wakati. Hapo ndipo mnunuzi wa karatasi anapostahili kuitwa.

Vitabu vya fasihi ni hadithi nyingine. Wanafunzi wengi hudhani kitabu kikishaondolewa kwenye orodha ya mtihani kimekufa. Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora kilitoka, Chozi la Heri cha Assumpta Matei kikaingia, kisha ikaja zamu ya Nguu za Jadi cha Clara Momanyi. Kila zamu inapobadilika, maelfu ya nakala hugeuka kuwa takataka katika macho ya watu. Huo ni upotevu. Riwaya haikuandikwa ili itahiniwe. Mwulize yeyote aliyesoma kwa pupa ya maswali ya mtihani, kisha akakirudia kitabu hicho hicho akiwa mtu mzima mwenye watoto. Atakwambia ni kama hakuwahi kukisoma.

Katika sanduku la bati tulikuta vitabu ambavyo Mwalimu alivithamini zaidi. Kulikuwa na Mutunga na Ngewa Yake, kitabu cha Kikamba alichokitoa John Mbiti mwaka 1954, kabla hajawa msomi wa dini anayejulikana duniani kote. Kulikuwa na vitabu vya Shaaban Robert na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981. Na chini kabisa kulikuwa na kitabu chembamba kilichofunikwa kwa karatasi ya kaki, na juu yake mwandiko wa baba: "Hisabati". Kaka alikifungua akaangua kicheko. Kilikuwa ni After 4.30 cha David Maillu, cha mwaka 1974. Vijana wa leo huenda wasijue, lakini vitabu vya Maillu wakati huo vilisomwa kwa kificho kwa sababu ya mambo ya mapenzi yaliyomo, na nchini Tanzania vilipigwa marufuku. Mwalimu mchanga asingethubutu kuonekana nacho.

Tulipokuwa tukicheka, nikaligeuza jalada la nyuma la kitabu kingine, na hapo ndipo mambo yalipobadilika.

Nyuma ya kila kitabu cha hadithi Mwalimu alikuwa amechora mistari kwa rula. Upande mmoja jina, katikati tarehe ya kuchukua, upande wa mwisho tarehe ya kurudisha. Tulianza kufungua vyote. Majina yalikuwa ya watoto wa mtaa, wa kanisani, wa shule alizofundisha. Wengine tunawajua, mmoja ni muuguzi, mwingine huuza vipuri vya magari hapa mjini. Kitabu kimoja kilikuwa kimeazimwa mara ishirini na tatu. Sisi watoto wake tulidhani baba alikuwa akirundika vitabu. Kumbe chumba kile cha nyuma kilikuwa maktaba, nasi hatukujua.

Katika daftari la vitabu ambavyo havikurudi, kulikuwa na mstari mmoja wa mwaka 1998: Siku Njema, cha Ken Walibora, kilichotoka mwaka 1996. Jina la mwazimaji lilikuwa la kaka yangu, limeandikwa kama la mwanafunzi mwingine yeyote. Safu ya kurudisha ilikuwa tupu.

Kaka alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema kwamba kitabu hicho anacho nyumbani kwake Mlolongo, na kwamba bintiye, aliye katika kundi lile la mwisho la KCPE, amekisoma mara mbili. Hakutaja tena habari ya kilo.

Tangu hapo kazi ikawa nyepesi, maana tulikuwa tumepata kipimo. Kitabu kilichokuwa na majina nyuma kilipewa nafasi ya kuendelea kuazimwa. Katoni tatu za hadithi zilikwenda shule ya msingi iliyo karibu na shamba. Lakini kwanza tulimpigia simu mwalimu mkuu tukamwuliza anataka nini, naye akatuambia waziwazi kwamba hadithi anazitaka, vitabu vya mtaala wa zamani hapana. Hilo ni jambo la heshima. Shule si jalala.

Msomaji, kama nawe una rundo linalokusubiri, haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza, usiuze wala kutoa kitabu kabla ya kukifungua na kukikung'uta. Tulipata ndani ya kurasa cheti kimoja cha ubatizo, picha mbili na stakabadhi ya karo.

Pili, jiulize ni nani atakayekisoma, si ni nani aliyekisoma. Kama jibu ni "huenda siku moja", basi mtafute mtu ambaye siku yake ni leo.

Tatu, bakiza kisichopatikana tena. Riwaya inayouzwa kila duka unaweza kuinunua upya, hata kwa wale wauzaji wa mitumba ambao wateja wao huinama kuchagua vitabu vilivyotandikwa chini. Kitabu cha zamani cha lugha ya mama, au chenye mwandiko wa mzazi, hutakipata kwa bei yoyote.

Nne, vile vinavyobaki vitunze. Visiguse ukuta wala sakafu. Weka mbao juu ya matofali. Vitoe nje mara kwa mara, uvikague, na kimoja kikiwa na mchwa kitenge mara moja.

Tano, msigombane. Kitabu hakina thamani ya kuvunja undugu. Kila mmoja na achague vichache vya kwake, bila kuulizwa sababu.

Watu wa Nairobi wana mfano mzuri wa kazi hii kwa kipimo kikubwa. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, zilikuwa zimechakaa na kujaa vitabu vyenye vumbi. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, lilianza kuzifufua, na sehemu ya kazi hiyo ilikuwa ni kuviorodhesha vitabu vilivyomo. Huwezi kuamua lipi libaki na lipi liende kama hujui ulicho nacho.

Jumamosi pikapu ilipofika, katoni kumi na moja zilikuwa zimebaki mbili. Tukamwambia mama achague vyake kabla hatujafunga kamba. Alichukua Biblia ya Kikamba na kitabu cha nyimbo. Kisha akanyoosha mkono akakichukua kile cha karatasi ya kaki kilichoandikwa "Hisabati".

"Mwaitu, unajua hicho ni kitabu gani?" kaka alimwuliza, akiona haya.

"Najua," alijibu, akikisukuma ndani ya kyondo. "Mwalimu alikuwa akinitafsiria jioni, nyinyi mkishalala."

Hatukuuliza zaidi. Nawe msomaji, leo baada ya chakula cha mchana, hebu fungua katoni moja tu. Tukutane Jumapili ijayo.