Miche 62 tunaijua, wakataji hatuwajui

Nilikuwa darasa la tano mwalimu alipotufundisha kwamba mkonge wa Tanga umetokana na miche 62. Mjerumani Dakta Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida mwaka 1893, ikapitia Hamburg, mingi ikafa njiani, na hiyo 62 iliyonusurika ikapandwa Kikogwe, Pangani. Hesabu ile haijanitoka. Leo nina miaka 51, ni afisa ugani wilayani Muheza, wakulima wananiita bibi shamba, na safari ya miche ile naweza kuisimulia kituo kwa kituo. Safari ya babu mzaa baba, aliyeukata mkonge huo kwa miaka 13, nimeitafuta tangu mwaka 2011 na nimeambulia vipande.

Babu alikuwa Mmakonde wa uwanda wa Mueda, Msumbiji. Kwao alikuwa mkulima: mihogo, mtama, kunde. Kuanzia mwaka 1938 Wareno waliwalazimisha wakulima wa kaskazini kulima pamba, wakainunua kwa bei waliyoipanga wao wenyewe. Asiyeipalilia alipigwa viganjani kwa palmatória, ubao wa duara wenye matundu na mpini. Babu alikuwa haongei habari za Wareno. Alikunjua tu viganja akatuonyesha, kisha akavikunja. Akavuka Ruvuma usiku na wenzake wawili, wakatembea hadi Newala, wakashuka Lindi, na huko wakaandikishwa kwenda Tanga kwa meli. Ilikuwa baada ya vita kuu ya pili, wakati wenye mashamba ya mkonge wana chombo chao cha kuandikisha vibarua, SILABU, kilichoanzishwa mwaka 1944. Watu walitoka Kigoma, Unyamwezi, Urundi, Msumbiji. Kila mmoja akapewa namba, na kutokana na namba hizo wakaitwa manamba.

Tanga neno hilo bado ni tusi. Mtu akivaa hovyo au akila kwa pupa, anaambiwa "kama manamba". Mimi ni mjukuu wa manamba, na linaniuma.

Bibi yangu, Mbondei wa hapahapa Muheza, alihifadhi kipande kimoja cha babu kwenye kopo la biskuti. Kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Mkataji aliingia shambani kabla jua halijachomoza, akakata majani, akakata mwiba wa ncha, akafunga majani 30 kila fungu. Mnyapara akahesabu. Hesabu ya siku isipotimia, siku haikuandikwa, na mwezi wa mtu ukaweza kuwa na siku 40 au zaidi. Utomvu wa mkonge unawasha, na miguu ya babu ilibaki na mabaka hadi alipofariki mwaka 1989. Mafungu yalibebwa kwa toroli hadi korona, mashine ya kusaga mkonge, jani likasagwa, zikatoka singa, yaani nyuzi. Katika kila kilo 100 za majani, singa hazizidi kilo nne hivi. Kilichobaki kilikuwa uchafu wa kumwaga.

Kwenye kadi ile namba imefutika, zimesalia tarakimu mbili za mwisho, 4 na 7. Jina linasomeka vizuri, nalo ndilo ubini wetu mpaka leo, limo kwenye cheti changu cha ndoa. Mwaka 2014 nilimwonyesha mzee mmoja mchonga vinyago, mwenyeji wa Mueda. Alilisoma mara mbili, akaniuliza: "Mwanangu, huyu ni mtu au kijiji?" Ndipo nikaelewa: karani alimuuliza babu ametoka wapi, babu akajibu, na karani akaandika jibu lile mahali pa jina. Kizazi cha tatu sasa tunaitwa kwa jina la kijiji ambacho hakuna kati yetu aliyewahi kukikanyaga. Jina ambalo mama yake alimwitia babu, bibi alikuwa akilijua. Alifariki mwaka 1996, kabla sijajua kuuliza.

Karatasi ziliponiishia, nikageukia shamba, maana kusoma mashamba ndiyo kazi yangu. Babu alipoacha mkonge, mjomba wa bibi alimpa eneo kwenye mteremko ambao wenyewe hawakuutaka, mchanga mtupu. Majirani walipanda minazi na michungwa. Babu alipanda mikorosho. Mwaka 2016 niliipima kwa futi: kati ya shina na shina ni karibu mita 12, nafasi ileile ninayowafundisha wakulima kutoka kwenye mwongozo. Babu hakuwa na mwongozo. Aliijua mikorosho tangu kwao, alijua kwamba matawi yakigusana mti unapunguza kuzaa. Chini yake, miaka ya mwanzo, alipanda mihogo na kunde, kama walivyofanya kwao Mueda. Aliagiza hata ming'oko, viazi vya porini, kutoka Lindi, akaichimbia kando ya kisima. Haikushika, na shangazi yangu anasema siku hiyo ndiyo pekee aliyomwona baba yake akilia. Nilisimama katikati ya mikorosho ile nikaelewa kitu ambacho kadi isingenieleza. Kwa miaka 13 aliandikwa kibarua, na muda wote huo alikuwa mkulima anayesubiri ardhi.

Nikisimulia haya, ndugu zangu wengine wananisihi ninyamaze. Baba alitufunza tangu wadogo: ukiulizwa asili yako, sema Newala. Wamakonde wapo pande zote mbili za Ruvuma, nani atabisha? Hofu yake naielewa. Aliona watu wakiulizwa maswali ya uraia kwenye madawati ya ofisi, na hakutaka mtoto wake asimamishwe hapo. Lakini baba alizaliwa Tanganyika na mama aliyezaliwa Muheza. Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, sheria ilimhesabu raia kwa sababu hiyo. Alitudanganya jambo ambalo halikuhitaji uongo, na uongo huo ukatukatia njia ya kurudi Mueda kuuliza ndugu wakati wazee wangali hai.

Kenya nao wana funzo lao. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kwenda kukata mkonge na miwa, waliishi miongo mingi bila vitambulisho. Oktoba 2016 walitembea kuelekea Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta, na mwaka uliofuata wakaanza kupewa vitambulisho. Mtu anayedai kwamba babu yake alikuwapo kazini kabla ya uhuru anahitaji ukurasa wa kuonyesha. Ukurasa huo unatoka kwenye daftari la shamba.

Na madaftari hayo yanakufa. Shamba alilofanyia kazi babu limebadilisha wamiliki tangu mashamba mengi yalipotaifishwa mwaka 1967. Nilipofika pale, mlinzi alinifungulia stoo yenye paa linalovuja. Madaftari yalirundikwa sakafuni, mchwa wameyajengea. Mengine, alisema, wauza karanga waliyachukua ya kufungia. Niliruhusiwa kukaa saa mbili. Nilifungua moja la mwaka 1953: namba, jina, kabila, siku. Kwenye safu ya kabila, mstari baada ya mstari, karani ameandika "Mawia", jina walilopewa Wamakonde wa ng'ambo. Nilihesabu 31 kabla kurasa hazijaanza kushikana kwa maji. Watu 31 ambao huenda wajukuu wao wako Muheza, Korogwe na Pangani, wakisema Newala.

Mwaka 1964 nchi hii ilizalisha takriban tani 230,000 za mkonge, ikiongoza duniani. Tani tunazo kwenye vitabu, na miche 62 tunayo. Sikubali kwamba waliokata jani kwa jani wakose hata orodha.

Naiomba Bodi ya Mkonge Tanzania iwaandikie wamiliki wote wa mashamba ya zamani, wakabidhi madaftari ya vibarua kwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa kabla ya masika yajayo. Nawaomba walimu wa Tanga, mkifundisha habari za Hindorf, mwulizeni kila mtoto babu yake alitoka wapi, na jibu lolote atakalotoa mlipokee kwa heshima. Na wewe unayesoma, ikiwa nyumbani au ofisini kwako kuna daftari la shamba la miaka ya 1940 na 1950, usilichome, usimpe muuza karanga. Natafuta mtu ambaye namba yake inaishia na 47.