Mpira wa Chuo: Tukitazame Chuo Kwanza

Barazani hapa Pwani, mazungumzo ya wasichana na kandanda hayakawii kufika kwenye nguo. Mmoja atasema bukta, wa pili atasema nywele, wa tatu atasema hayo ni mambo ya Wazungu, na kahawa itakwisha pasi na mtu kuuliza swali lenyewe: yule msichana anayecheza mpira huko Marekani, anaucheza kwa ajili ya nini, na mpira ukiisha anabaki na nini mkononi? Leo, wasomaji wapenzi, napenda tuliulize swali hilo, na mfano wangu ni mashindano ya wasichana wa vyuo vikuu yanayofanywa kila mwaka, mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Novemba, na Shirikisho la Pwani ya Atlantiki, ambalo wenyewe huliita ACC.

Kwanza tufahamiane namna mashindano hayo yalivyo. Vyuo vikuu vya Marekani vimejigawa katika mashirikisho, na kila shirikisho lina ligi yake. Wasichana huanza kucheza mwezi wa Agosti, na ligi ikimalizika timu za juu huingia katika mtoano, na humo ukifungwa mara moja tu, umefunga virago. Wakitoka sare huongezwa dakika 10 mara mbili, na ikiwa bado hakuna mshindi basi hupigwa penalti. Atwaaye kombe hilo hupata tikiti ya kuingia moja kwa moja katika mashindano ya taifa zima yenye timu 64. Hata kama kwenye ligi alimaliza wa nne, tikiti ni yake.

Wako wanaosema huo ni udhalimu, kwamba aliyesubiri na kushinda miezi miwili hupokonywa haki yake na aliyepata bahati siku chache. Lile shirikisho la upande wa Pasifiki, Pac-12, halikuwa na mtoano wa kandanda ya wasichana. Aliyeongoza ligi ndiye aliyekuwa bingwa, basi. Mimi nikiulizwa, namwelemea mwenye ligi. Lakini yafaa kusema kwamba kwa vyuo vikubwa kufungwa katika mtoano si msiba, kwa kuwa iko kamati ya uteuzi inayojaza nafasi zilizobaki, na wakubwa hawasahauliwi. Mwaka 2012 kombe la ACC lilitwaliwa na Virginia, ila ubingwa wa taifa mwaka uo huo ukaenda kwa North Carolina.

Na hao North Carolina ni habari peke yao. Timu yao ya wasichana ilianzishwa mwaka 1979 chini ya mwalimu Anson Dorrance, na hadi alipostaafu Agosti 2024 walikuwa wamekuwa mabingwa wa taifa mara 22. Mwaka huo huo, mzee akiwa ameshaondoka, wakashinda tena. Mtoano wa kwanza wa ACC, wa mwaka 1988, ulishindwa na jirani zao, North Carolina State. Tangu 1989 North Carolina wakalishika kombe wasiliachie mpaka Virginia walipowavua mwaka 2004. Mia Hamm, ambaye jina lake limefika hata kwa wasiopenda mpira, alitoka chuo hicho.

Penye uchungu hasa ni katika mashirikisho madogo. Liko moja la kusini, Southwestern, lenye vyuo vya kihistoria vya Wamarekani Weusi. Huko kamati ya uteuzi haina desturi ya kubisha hodi. Mshindi wa mtoano huenda, na waliosalia hurudi darasani. Msichana wa mwaka wa nne anayesimama kupiga penalti katika fainali ya namna hiyo anajua kwamba akikosa, huo ndio mpira wake wa mwisho katika nguo za chuo. Na akishinda, mara nyingi zawadi yake ni kupelekwa kwa jitu moja katika raundi ya kwanza, akafungwe mabao mengi mbele ya watu. Hata hivyo hulia kwa furaha, na mimi siwezi kumcheka.

Sasa nirudi kwenye swali letu. Sisi tuliosomeshwa na maalim tukikaa juu ya mkeka, neno "chuo" tunalijua kwa maana mbili. Chuo ni mahali pa kusomea, na katika lugha ya wazee chuo ni kitabu chenyewe. Kwa hiyo nikisema mpira wa chuo, sikio langu husikia mpira wa kitabu, na kwa hakika asili yake ndiyo hiyo. Mwaka 1972 Wamarekani walipitisha sheria ya elimu, na ndani yake mna mlango mmoja, Mlango wa Tisa, usemao kwamba mtu asibaguliwe kwa kuwa mume au mke katika masomo yanayolipiwa na fedha za serikali. Sentensi yenyewe ina maneno 37 tu kwa Kiingereza, na hamna ndani yake neno mpira wala neno michezo. Ilikuwa sheria ya darasa. Lakini michezo ilikuwa sehemu ya shule, na fedha za shule zikalazimika kugawanywa. Kabla ya sheria hiyo, wasichana waliocheza katika timu za shule za sekondari nchi nzima walikuwa chini ya 300,000. Siku hizi ni zaidi ya milioni 3.

Matokeo yake ni kwamba msichana hodari wa mpira hutafutwa na chuo kikuu na kulipiwa masomo. Kwa miaka mingi kila timu kubwa ya wasichana iliruhusiwa kutoa udhamini kamili 14, uliogawanywa baina ya wachezaji ishirini na kitu, huyu nusu, yule robo. Ile ya wanaume iliruhusiwa 9.9. Mwaka 2025 utaratibu huo ulibadilishwa, na vyuo vilivyokubali mpango mpya vinaweza kuwadhamini wachezaji wote wa timu, mradi wasizidi 28. Wengi wa wasichana hao hawatacheza mpira wa kulipwa hata siku moja. Watakuwa madaktari, walimu, mawakili. Mpira umewalipia karo, kisha umewaaga.

Hilo ndilo ninalolionea wivu. Si yote, lakini. Kuna ambalo ningependa tuliache huko huko liliko. Mwaka 2024 vyuo vya Stanford na California, vilivyo upande wa bahari ya Pasifiki, viliingia katika Shirikisho la Pwani ya Atlantiki! Mtu wa pwani akisikia hivyo atadhani bahari mbili zimekutana. Sababu ni fedha za televisheni, tena si za mpira huu bali za ule mchezo wao wa kugongana kwa helmeti. Wasichana wa kandanda wameburutwa tu katika msafara, sasa husafiri karibu kilomita 4,000 kwenda kucheza upande wa pili wa nchi, na kitabu wakisomea ndani ya ndege. Hapo mtumwa ameanza kumpanda bwana wake, na mpira umeanza kukila chuo.

Na nguo je? Silikimbii swali hilo, ila si la kutuchukulia jioni nzima. Mwaka 2011 wasichana wa Iran walizuiwa kucheza na Jordan mjini Amman kwa sababu ya vitambaa vya vichwani. Waislamu wengi waliteta, na mwaka 2014 kanuni za kandanda zikaruhusu wazi kufunika kichwa. Mwaka 2023 Nouhaila Benzina wa Morocco akacheza katika Kombe la Dunia akiwa na hijabu yake, na timu yake ikaishinda Korea Kusini. Kwa hiyo atakaye kusitirika na acheze amesitirika. Ama anayesema kwamba mwanamke kushindana ni jambo la kigeni, na akumbuke kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, kushindana mbio na Bibi Aisha, naye Bibi Aisha akatangulia mara moja, na mara nyingine akatanguliwa. Tena mtu wa Mombasa asijifanye amesahau lelemama. Banu Saada na Ibinaal Watan hawakuwa wakinong'onezana chumbani. Walishindana kwa ngoma, kwa mavazi na kwa mafumbo, mji mzima ukagawanyika, na bibi zetu ndio waliokuwa manahodha. Wengine walilaumu, ni kweli, lakini hakuna aliyesema ni Wazungu waliowafundisha.

Mjadala wa bukta una hatari moja: unatufanya tuone kwamba kazi imekwisha pindi tukikubaliana juu ya nguo. Tazama hapa kwetu. Kilifi wasichana wanacheza kandanda tangu mwanzo wa miaka ya 2000, kwa juhudi za jumuiya ya Moving the Goalposts. Unguja timu ya Women Fighters ilitolewa filamu mwaka 2007. Mwaka 2024 wasichana wa Kenya wa chini ya miaka 17 walifika Kombe la Dunia kule Jamhuri ya Dominika, jambo ambalo hakuna timu ya kandanda ya nchi hii, ya wanaume wala ya wanawake, iliyolifanya kabla yao. Miguu ipo, basi. Linalokosekana ni daraja baina ya uwanja na darasa. Binti wa kidato cha tatu atashangiliwa katika michezo ya shule kuanzia mtaani hadi mkoani, na akimaliza kidato cha nne karo ya chuo itamkuta amesimama pale pale, na kombe liko kwenye kabati la mwalimu mkuu.

Mzazi anayesita kumpeleka bintiye ng'ambo, akalale bweni la watu asiowajua, mimi simlaumu hata kidogo. Lakini hapa tunavyo vyuo vikuu vyetu, kiko Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi na kile cha Kiufundi pale Mombasa, na mtoto anaweza kusoma huko na Ijumaa akarudi kwao. Magavana wa kaunti zetu hununua makombe na jezi kila mwaka, na kupigwa picha nayo. Fedha za jezi hizo za mwaka mmoja na zilipie karo ya wasichana wachache, hata wawe watano, walio hodari wa mpira na wenye alama za kuingia chuoni, na majina yao yabandikwe ukutani, kila mzazi ayasome.